Kazi ya Mlezi

Mwaka 1961, nilipoanza kuvuka maji kwenda skuli Mkoani, mwalimu alitugawia karatasi za kujaza. Zilikuwa na mistari michache tu: jina la mwanafunzi, mahali alipozaliwa, jina la mlezi, na kazi ya mlezi. Mistari mitatu ya mwanzo haikunisumbua. Nilizaliwa Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na mji wa Mkoani, na mlezi wangu alikuwa bibi yangu mzaa mama, kwa kuwa mama alikwishafariki na baba alikuwa hamali wa bandarini Unguja, mtu ambaye habari zake tulizipata kwa kusikia tu. Mstari wa nne ndio ulionikwamisha. Wenzangu waliandika mkulima, mvuvi, muuza duka, seremala. Nami, baada ya kuitafuna kalamu kwa muda mrefu, nikaandika kwa hati yangu nzuri kuliko zote: Hana.

Jioni nilipovuka kurudi nyumbani nilimkuta bibi amekaa barazani juu ya mkeka, fungu la usumba limelala ubavuni mwake na kamba inamtoka viganjani taratibu kama kawaida yake. "Haya, mume wangu," alisema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kiume kwa utani, "wamekuuliza nini huko ng'ambo?" Nikamweleza habari ya karatasi. "Na kazi yangu umeandikaje?" Nikamjibu: "Nimeandika kuwa bibi anasokota kamba." Akacheka hata kamba ikamponyoka. "Na bei hawakuuliza?"

Bibi alifariki mwaka 1983, na sikuwahi kumwambia kweli. Baadaye nilikuwa mwalimu mwenyewe, tena wa historia, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba historia ya Pemba katika wakati wa ukoloni ni historia ya karafuu. Sikuwadanganya, lakini naona sasa kwamba niliwafundisha kama nilivyoijaza ile karatasi.

Msomaji anaijua hadithi ya karafuu, kwa hiyo nitaipita mbio. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi Pemba. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa; tokea hapo kisiwa chetu ndicho kikawa shamba kuu la zao lile. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza, na serikali ikategemea sana ushuru wa karafuu kwa mapato yake. Kapteni Craster, mpima ardhi wa Kiingereza, alipotoa kitabu chake juu ya Pemba mwaka 1913, alikiita kisiwa hiki kisiwa cha viungo cha Zanzibar. Tangu hapo aghalabu ya wageni wanaoandika habari zetu huanzia juu ya mti wa mkarafuu.

Ukoo wetu haukuwa na hata mkarafuu mmoja. Tuliokaa ukingoni mwa bahari tuliziona karafuu kama mtu anavyoiona harusi ya jirani: twasikia ngoma, twapata sahani ya pilau, lakini bibi harusi si wetu. Msimu ukifika, babu na wajomba walivuka kwenda kuchuma kwa mashamba ya watu, wakilipwa kwa pishi, na wanawake wakenda kuchambua makonyo usiku mbele ya koroboi. Msimu ukisha, kila mtu alirejea kwenye kazi yake. Kazi hizo za kurejewa ndizo ninazotaka kuzieleza, na hasa moja.

Kamba ya usumba huanza na kumbi. Watu wa mashamba walipozifua nazi zao kwa ajili ya mbata, makumbi yalibaki marundo kwa marundo, na bibi na wenzake waliyanunua kwa mia, au wakayalipia kwa kazi. Yalivushwa kwa mtumbwi, yakapelekwa pwani kwenye tope karibu na mikoko, yakafukiwa kwenye mashimo na kukandamizwa kwa mawe ili maji yakijaa yasiyachukue. Hapo yalikaa miezi kadhaa. Maji ya chumvi yanajaa na kupwa, kumbi linaoza polepole, nyama yake inalegea, na nyuzi zinabaki. Kulifukua kabla ya wakati ni kujipa taabu, maana nyuzi hazitengani. Ukilichelewesha sana, usumba hupoteza nguvu. Bibi alijua siku yake kwa kuvunja kipande na kukinusa. Nami nilikinusa nikapata kichefuchefu tu. Harufu ile ya tope na kuoza haina mfano, na ilikuwa haitoki mikononi wala kwenye nguo kwa siku nyingi. Watoto wa mjini walituita "watu wa makumbi", na nadhani harufu hiyo ilikuwamo katika wino wangu siku ile nilipoandika.

Kila mwanamke alikuwa na shimo lake. Hakuna hati wala kigingi cha serikali, lakini shimo la mtu lilijulikana kwa mawe yake, na lilirithiwa. Bibi alilirithi lake kwa mama yake. Sheria za ardhi zilizokuja na wakoloni ziliijua mikarafuu kwa idadi, kwa kuwa hata mti mmoja uliweza kuuzwa au kuwekwa rehani. Shamba hili la tope, ambalo kwa nusu ya siku lilikuwa chini ya bahari, halikumshughulisha mtu yeyote isipokuwa wenyewe.

Makumbi yakishafukuliwa hupigwa kwa kigongo juu ya jiwe mpaka nyuzi zitengane, kisha huoshwa baharini na kuanikwa juani. Kupiga ndiko kazi yenyewe. Wanawake walikaa kwa safu, miguu wameinyoosha, na sauti ya vigongo ilisikika kwa mbali sana maji yakiwa yamekupwa. Walifanya hivyo kwa kufuata bahari. Saa ya nyumba yetu haikuwa ya ukutani. Ilikuwa bamvua na maji mafu. Siku za bamvua, bahari ilipokauka mbali, chakula kilipikwa alfajiri au hakikupikwa mpaka alasiri, na mtoto aliyetaka kula kwa wakati wa binadamu wengine alivumilia.

Kusokota kulifanyika nyumbani, muda wowote mikono ilipokuwa haina kazi nyingine. Bibi alisokota huku akizungumza, akingojea nazi ichemke, akinisikiliza nikisoma juzuu yangu ya chuoni. Alikuwa na uwezo wa kunisahihisha aya bila kuacha kamba. Kamba ilipimwa kwa pima, yaani toka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya mkono wa pili mtu akiinyoosha yote miwili, na hapo palikuwa na ugomvi usiokwisha, kwa sababu bibi alikuwa mfupi na wenye maduka walipenda kupimiwa na mtu mrefu.

Sasa nataka msomaji aitazame nyumba ya zamani ya kijijini kwetu na aitoe kamba yote iliyomo. Boriti za mikoko zimefungwa na fito kwa kamba, hakuna msumari. Ukiitoa, ukuta unaanguka kabla ya udongo wake kukauka, na makuti yanapeperuka na upepo. Kitanda kimewambwa kwa kamba. Mwenye nyumba analala chini. Ndoo haiteremki kisimani. Mbuzi amekwenda zake. Ufukweni, nanga haina cha kuishika na mtumbwi umeshachukuliwa na maji. Dema limefumwa kwa fito zilizopasuliwa, lakini bila kamba halitegeki wala halipandi juu.

Na kama tunataka kwenda mbali zaidi, kuna kile kitabu cha baharia Myunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Masihi. Kinataja kisiwa cha Menuthias katika pwani yetu, ambacho wataalamu wengine wamesema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Mwandishi wake anaeleza mambo mawili yanayonifurahisha: vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu wanaotega samaki kwa makapu ya kusukwa. Vyombo vya kushonwa tuliviita mitepe, na vilidumu katika mwambao huu mpaka karne ya 20 ilipoanza. Ni miaka elfu mbili, karibu, ya watu kusokota. Mkarafuu, kwa kulinganisha, ni mgeni wa juzi.

Tena hiyo karafuu yenyewe haikushuka mtini bila ya kamba. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Wengi wameanguka na kuvunjika viungo, na wengine wamekufa. Mchumaji alilivuta tawi la mbali kwa kamba akalifunga kwenye tawi nene, ndipo akalichuma. Ngazi zilifungwa kwa kamba. Punda aliyebeba magunia alifungwa shehena kwa kamba. Karafuu zilianikwa juu ya majamvi, na jamvi nalo ni kazi ya wanawake, ukili juu ya ukili, kutwa na kucha. Frasila ya karafuu, ambayo ni ratili 35, ilipofika mizanini, karani aliandika karafuu tu.

Nilipokuwa kijana wa siasa nilikuwa na jibu jepesi kwa haya: wakoloni hawakutujali. Jibu hilo si la uongo, lakini linatuachia sisi tukae raha, na mimi sina haki ya kukaa raha. Karatasi ile niliijaza kwa mkono wangu. Na nikiitazama nyumba yetu kwa makini naona kwamba hata mle ndani kazi ya bibi haikutajwa, tena kwa sababu iliyoonekana kuwa ya heshima kabisa.

Sheria ya dini inamwajibisha mume kumlisha na kumvisha mkewe. Mali ya mke ni ya mke; mume hana haki nayo. Kwa hiyo pesa ya kamba ilikuwa ya bibi, akiifunga pindoni mwa kanga yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni kiasi gani. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na wanawake wengi wa Ulaya katika karne ya 19 hawakuwa nalo. Lakini hapo hapo ndipo pesa ile ilipojificha. Kwa kuwa mume ndiye alishaye, ilikuwa ni aibu kusema kwamba mke amelisha. Siku za masika na upepo mkali, dema la babu likikaa wiki bila kuvuta kitu, mchele uliingia ndani na hakuna aliyesema umetoka wapi. Nimemwona bibi kwa macho yangu akimkabidhi babu sarafu chumbani ili babu atoke nazo, apite barazani mbele ya watu, avuke kwenda dukani, na arudi na kibaba cha mchele kama mume aliyelisha nyumba yake. Babu alikuwa mtu mwema sana, na nadhani alikuwa akiumia. Mchezo ule waliucheza wawili kwa mapenzi. Nami niliyeulelewa nao niliujua vizuri kuliko nilivyojijua kwamba naujua; mwalimu aliponiuliza kazi ya bibi, nilijibu kama kila mtu wa nyumbani alivyofundishwa kujibu.

Bibi alizijua pesa kuliko sote. Alianza kuuza kamba wakati wa rupia. Tarehe 1 Januari 1936 serikali ya Zanzibar ilipoiacha rupia na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu, na hapo, kama alivyokuwa akisimulia kwa hasira ya miaka 30, muuza duka mmoja alitaka kumlipa shilingi moja kwa mzingo uliokuwa wa rupia moja, akidai kuwa jina tu ndilo lililobadilika. Bibi alizoa kamba yake akaipakia mtumbwini akarudi nayo. Sumni ile ya tofauti aliitaja mpaka uzeeni kana kwamba bado anaidai.

Baada ya hapo vikaja vita. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele uliozoeleka katika vyungu vya Zanzibar ulikatika, chakula kikagawiwa kwa kipimo, na watu wakahimizwa kupanda muhogo. Nguo nazo zikawa adimu. Mwaka huo huo Wajapani walikuwa wameshika na visiwa vya Ufilipino, ilikotoka kamba ya Manila iliyotumiwa na meli za dunia nzima, na hapo mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya kugombaniwa. Bibi hakujua Manila iko wapi. Alichojua ni kwamba miaka ya vita kamba yake haikulala ndani, na kwamba kwa mara ya kwanza wenye maduka walivuka wenyewe kuja Makoongwe kuitafuta. Kila alipofika hapo katika masimulizi alinyamaza kidogo, akalamba midomo.

Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kipande cha tanga kuukuu, kitambaa kizito cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Alikiita merikani. Mitepe ya zamani ilitweka matanga ya miyaa, yaliyosukwa kama mikeka. Kitambaa cha merikani ndicho kilichokuja kuchukua nafasi yake katika vyombo vingi, na kabla ya hapo kilikwisha kuwa nguo ya watu na fedha ya misafara ya bara. Jina lake linasema kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza aliyefika, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilileta nguo na kuchukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viliiharibu biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha namna ile ile, nacho watu wakaendelea kukiita merikani.

Kipande kile ndicho kilichonifanya nitake kujua waliokifuma ni nani. Katika makoloni ya Waingereza kule Marekani, kabla ya viwanda, uzi ulisokotwa majumbani na wanawake kwa gurudumu la mkono. Tazama neno letu: kusokota ni uzi, na kusokota ni kamba. Huko pia kilichojaa katika vitabu kwa muda mrefu kilikuwa ni tumbaku, meli, na waungwana waliotia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776. Lakini palikuwa na mkunga mmoja, Martha Ballard, aliyezaliwa mwaka 1735 wakati nchi ile ikali koloni, ambaye kuanzia 1785 hadi 1812, huko Hallowell katika Maine, aliandika daftari la kila siku: nani kajifungua, nani kalipa na kwa kitu gani, binti zake wamefuma nguo kiasi gani, hali ya hewa, mto umeganda au la. Alizalisha watoto 816. Kuna waliolisoma daftari hilo wakaliona kuwa ni mambo madogo madogo ya nyumbani, mpaka mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich alipokaa nalo miaka na kutoa kitabu chake mwaka 1990. Akaonyesha kwamba chini ya uchumi wa wanaume ulioandikwa katika mabuku ya hesabu, palikuwa na uchumi wa pili wa wanawake, wenye madeni yake, malipo yake na mafundi wake, na kwamba wa kwanza haukuweza kusimama bila wa pili.

Nilikisoma kitabu hicho nikiwa mtu mzima, nikakifunga, nikatoka nje kidogo.

Kwa sababu bibi naye alikuwa na daftari. Hakujua kuandika kwa kalamu, lakini juu ya mlango wa chumba chake, kwenye boriti, palitundikwa kamba nyembamba aliyoifunga mafundo. Fundo dogo lilikuwa mzingo aliouza kwa mkopo. Fundo kubwa lilikuwa deni analodaiwa yeye. Palikuwa na mafundo yenye uzi wa rangi ambayo mimi sikuyaelewa na nikiuliza nilifukuzwa. Deni likilipwa, fundo lilifunguliwa. Ilikuwa ndefu, imekunjwa mara nyingi, na nyeusi kwa moshi. Alipofariki, tuliivunja nyumba ile iliyokwisha kuchoka ili tujenge mpya, na vijana tuliambiwa tukusanye boriti mbovu na fito tufanye kuni. Nilihitaji kitu cha kufungia mzigo. Kamba ilikuwa pale inaning'inia. Nakumbuka kwamba mafundo yalinikera kwa kuwa hayakupita vizuri, nikayakata kwa kisu.

Sitaki msomaji adhani naisifu kazi ile kama watu wanavyosifu mambo ya kale wakiwa wamekaa mbali nayo. Viganja vya bibi vilikuwa vigumu kama gome, na uzeeni vidole vyake havikunyooka tena. Wanawake walikaa ndani ya maji ya tope hata wakiwa na mimba. Watoto wa kike walivunjwa skuli, au hawakupelekwa kabisa, kwa sababu mikono yao ilihitajika pwani. Mimi nilikuwa mwanamume, kwa hiyo kamba ya bibi ilininunulia kalamu, na shangazi yangu mdogo aliyekuwa na akili kunizidi ilimnunulia kigongo. Aidha, karafuu ilikuwa na jina na hesabu, lakini waliopanda ile mikarafuu ya mwanzo walikuwa watumwa, na majina yao hayamo vitabuni vilevile. Utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Wanawake, kama kawaida, walisubiri miaka 12 zaidi.

Kamba ya nailoni ilipoingia, kazi ya usumba haikufa kwa siku moja. Wavuvi ndio waliohama kwanza, kwa kuwa nailoni haiozi upesi. Halafu misumari ikashuka bei, halafu mabati yakaja. Miaka ya mwisho ya bibi kamba yake ilinunuliwa kwa vitanda na kwa kufungia makuti tu, naye alisema nailoni ni kamba isiyoshika fundo, inateleza kama mtu muongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilianza kwa ajili ya biashara Unguja, upande wa mashariki, kisha kikaenea hadi Pemba, na wanawake wakarudi tena kwenye maji yanayokupwa, wakifunga vipande vya mwani kwa vikamba vya plastiki wanavyoviita tai-tai kwenye kamba zilizotoka kiwandani. Safari hii wameandikwa: kuna vikundi, kuna semina, kuna takwimu. Bahari nayo imeanza kupata joto na mwani unakufa, lakini hiyo ni habari ya kuandikiwa na mtu mwingine.

Miezi michache iliyopita nilivuka kwenda Makoongwe kwa mazishi, na kesho yake asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nikateremka pwani peke yangu na fimbo yangu. Nilidhani sitapaona. Lakini mawe yapo, yamekaa mviringo, yamefunikwa na majani ya bahari, na katikati yake tope ni jeusi kuliko la pembeni. Nikainua mguu niingie. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani hatua chache kutoka hapo, kijana kiasi cha kuwa mjukuu wangu, akanipigia kelele.

"Mzee, shikamoo. Usikanyage hapo. Shimo hilo lina mwenyewe."

Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza mwenyewe ni nani.

"Mimi simjui," alisema, akiendelea kufunga. "Tumelikuta hivyo hivyo. Lakini lina mwenyewe."